Sura ya 6: Kidole Tumbo na Umri wa Kuambukizwa

Mtoto wa miaka 13 katika nyanda za juu za Kigoma akiamka na maumivu yaliyoanzia kitovuni na kuhamia chini upande wa kulia, akakataa uji na kutapika mara moja au mbili, watu wa nyumbani kwake hufikiria malaria kwanza. Wana sababu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliukuta Mkoa wa Kigoma ukiongoza nchini: karibu watoto 24 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7. Malaria ikikosekana, inatajwa homa ya matumbo, kisha minyoo, kisha amiba. Akiwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, muuguzi atamuuliza siku zake, kwa kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi huuma papo hapo na huua upesi zaidi. Bibi naye atasema ni chango. Kidole tumbo hutajwa mwisho, mara nyingi siku ya pili au ya tatu, na anayekitaja ni mganga wa zahanati anayeandika barua ya rufaa.

Madaktari wamejua kukikata kidole tumbo kwa zaidi ya miaka 100. Wanachobishania hadi leo ni kwa nini kiungo kilichotulia kwa miaka 13 kinavimba usiku mmoja. Miongoni mwa watuhumiwa wamo virusi. Kesi yao ina pande mbili, na pande zote mbili zilijengwa na madaktari wawili waliowahi kufanya kazi Uganda, mwendo wa siku chache tu kutoka Kasulu na Kibondo katika nyanda hizi. Wote wawili waliitazama Afrika ya vijijini, wakaona ugonjwa huu ni haba, na kila mmoja akaeleza uhaba huo kwa namna yake. Hoja ninayotaka kuijenga katika sura hii ni kwamba, ikiwa virusi vinahusika, cha kuuliza zaidi ya jina la kirusi ni umri ambao mtoto anakutana nacho.

Kichochoro kisicho na mlango wa pili

Kidole tumbo ni kijitawi cha utumbo mpana, chembamba, chenye urefu wa sentimita 9 hivi kwa mtu mzima, kinachoning'inia pale utumbo mdogo unapoungana na utumbo mpana. Ni kichochoro kisicho na mlango wa pili: kinachoingia hutokea kule kule kilikoingilia. Kuta zake zimejaa tishu za limfu, jamii moja na zile za mafindofindo ya kooni. Mtoto anapozaliwa tishu hizo karibu hazipo. Huanza kujitokeza wiki chache baadaye, huongezeka hadi miaka ya ujana, hupungua baada ya miaka 30, na kwa mzee huwa zimebaki kidogo sana. Ukiiweka ratiba hiyo kando ya umri wa wagonjwa, zinafanana mno. Ugonjwa huu ni wa vijana: kati ya miaka 10 na 30 ndiyo kilele chake.

Mwaka 1886 Reginald Fitz wa Boston alionyesha kwamba usaha uliokuwa ukiwaua watu upande wa kulia wa tumbo ulianzia kwenye kidole hiki, na akashauri kikatwe mapema. Miaka mitatu baadaye Charles McBurney wa New York alieleza mahali pa kubonyeza ili kuutambua, na hadi leo kila mwanafunzi wa udaktari Muhimbili au Bugando hufundishwa nukta hiyo. Juni 1902 ugonjwa ukapata umaarufu wa aina yake: Edward VII wa Uingereza alipasuliwa siku mbili kabla ya kutawazwa, na sherehe zikaahirishwa hadi Agosti.

Maelezo yaliyotawala karne ya 20 yalikuwa ya kuziba. Katika miaka ya 1930 Owen Wangensteen na wenzake huko Minnesota walionyesha kwamba mfereji wa kidole ukizibwa, ute hujaa ndani, presha hupanda, damu hushindwa kupita, bakteria wa utumbo hushambulia ukuta uliokosa damu, na mwishowe ukuta hupasuka. Kizibo kinachojulikana zaidi ni punje ya kinyesi iliyokauka ikawa ngumu kama jiwe. Lakini vidole vingi vilivyokatwa na kuchunguzwa maabara havina punje hiyo. Ndani yake hakuna kitu; ukuta wenyewe ndio umevimba. Hapo swali likarudi mwanzo: ni nini kilichouvimbisha?

Ramani ya daktari wa Kampala

Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland mwenye jicho moja, alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira na baadaye akafanya upasuaji Mulago, Kampala. Anajulikana duniani kwa uvimbe wa taya alioueleza mwaka 1958, saratani ya watoto inayobeba jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari la mitumba, wakaendesha takriban kilomita 16,000 kutoka Kampala kuelekea kusini mwa Afrika na kurudi, wakipita hospitali zaidi ya 50 na kuuliza kila mahali swali lile lile: mnauona uvimbe huu? Majibu aliyaweka kwenye ramani. Uvimbe ulifuata joto na mvua, na ukatoweka kwenye milima. Ulifuata malaria.

Machi 1961 alikuwa ametoa mhadhara London, na mtafiti mmoja aliyekaa akisikiliza, Anthony Epstein, akashuku kuna kirusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kukiona kirusi kipya ndani ya seli hizo. Leo tunakiita Epstein-Barr.

Mtu aliyeongoza njia hadi kwenye kirusi cha saratani, alipokigeukia kidole tumbo hakuona virusi kabisa. Aliona chakula. Baada ya kurudi Uingereza aliendelea kuandikiana na hospitali za misheni za Afrika, akizitumia fomu za maswali kuhusu magonjwa waliyoyaona na wasiyoyaona. Jibu kuhusu kidole tumbo lilijirudia: vijijini ni nadra. Katika makala yake ya mwaka 1971 alidai kwamba tofauti ni nyuzinyuzi. Yeye na wenzake walipima hata uzito wa choo, wakakuta cha wanakijiji wa Uganda kinazidi kile cha wanafunzi wa bweni wa Uingereza kwa zaidi ya mara tatu, na kinapita tumboni upesi zaidi. Choo laini hakifanyi punje ngumu. Pasipo punje hakuna kuziba.

Mezani Buha, yaani nyanda hizi hizi za Kigoma, hoja hii haina tabu ya kueleweka. Ugali wa muhogo na wa mahindi, maharage ya Kasulu yanayosafiri hadi masoko ya mbali, ndizi, mboga za majani zilizoungwa kwa mawese, na dagaa au migebuka kutoka Ziwa Tanganyika: huo ndio mlo ambao Burkitt angeutolea mfano. Mpwa aliyehamia mjini akaanza kula mkate mweupe na chipsi angekuwa kwake ushahidi wa pili.

Tatizo lilijitokeza Uingereza yenyewe. Wagonjwa waliongezeka mno mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, kisha kuanzia miaka ya 1930 wakaanza kupungua, wakati Waingereza hawakuwa wamerudi kwenye unga wa dona. Kama chakula ndicho chanzo, ugonjwa ulipaswa kuendelea kukaa palepale.

Bomba la maji la Anglesey

David Barker naye alipitia Uganda. Alikwenda mwaka 1969 kuchunguza kidonda cha Buruli, ugonjwa wa ngozi unaowapata watu wa karibu na maji, akakaa hadi utawala wa Idi Amin ulipoanza kuwafukuza wageni. Baadaye, akiwa Southampton, alipinga nadharia ya nyuzinyuzi waziwazi. Mwaka 1985 alichapisha maelezo mbadala, na mwaka 1988 yeye na wenzake wakaleta mfano wa kisiwa cha Anglesey, Wales. Nyumba za huko zilichelewa kupata maji ya bomba hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Bomba lilipofika, wagonjwa wa kidole tumbo wakafuata. Utafiti wake mwingine ulihusisha ugonjwa na watoto waliokulia kwenye nyumba zenye bafu.

Msomaji aliyechota maji kwenye chemchemi za Kasulu atashangaa: maji safi yalete ugonjwa? Barker hakusema maji yana kosa. Alisema maji, sabuni na choo cha kuvuta hupunguza maambukizi ya utotoni, na hilo ni jema, maana watoto wengi zaidi hubaki hai. Lakini katika kizazi cha kwanza cha mabadiliko hayo, mtoto anayekingwa na vijidudu akiwa mdogo hukutana navyo akiwa mkubwa. Hapo tishu za limfu za kidole tumbo zimefika kilele, na kinga haina kumbukumbu ya kirusi hicho. Zinavimba kwa nguvu na mfereji unaziba. Kadiri usafi unavyoenea kwa kila mtu, virusi vyenyewe hupungua mitaani na ugonjwa hushuka. Kwa njia hiyo Barker aliweza kueleza kupanda na pia kushuka kwa Uingereza, jambo ambalo nyuzinyuzi hazikuliweza.

Alikuwa na mfano uliokwisha kuthibitishwa: polio. Zamani karibu kila mtoto aliambukizwa akiwa mchanga, huku kinga aliyorithi kwa mama ikimlinda, na wachache tu walipooza. Usafi ulipochelewesha maambukizi hadi miaka ya baadaye, milipuko ya kupooza ikaanza kwenye miji tajiri, kama ule wa New York wa mwaka 1916. Kirusi kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni umri wa waliokipata.

Alama zilizoachwa kwenye tishu

Kuna virusi ambavyo vimeonekana ndani ya kidole tumbo bila ubishi, na mfano wa zamani ni surua. Mwaka 1931 Alfred Warthin huko Michigan na Wilhelm Finkeldey huko Ujerumani, kila mmoja kivyake, walieleza seli kubwa zenye viini vingi ndani ya mafindofindo yaliyokatwa kwa watoto. Siku chache baada ya upasuaji, watoto wale walitokwa na vipele vya surua. Muda si mrefu seli za aina hiyo zikaonekana pia kwenye vidole tumbo. Mtoto aliletwa na maumivu ya upande wa kulia, akapasuliwa, halafu vipele vikatoka akiwa wodini. Kirusi cha surua hupenda tishu za limfu, na kwa siku kadhaa huzivimbisha kabla ngozi haijaonyesha kitu.

Baada ya surua orodha ilirefuka. Mwaka 1965 daktari wa Japani, T. Tobe, aliandika katika jarida la Lancet kwamba maambukizi ya virusi yasiyo na dalili huenda ndiyo yanayofyatua ugonjwa huu. Adenovirusi, vinavyoleta mafua na macho mekundu, vimekutwa kwenye vidole tumbo vya watoto, hasa wale ambao utumbo umejikunja na kuingia ndani ya utumbo. Virusi vya jamii ya Coxsackie vimetajwa. Hata Epstein-Barr, kilichogunduliwa kwa vipande vya uvimbe kutoka Kampala, kimeripotiwa kwa wagonjwa kadhaa waliolazwa na homa ya tezi na maumivu ya kidole tumbo kwa pamoja.

Njia zinazodhaniwa ni mbili. Ya kwanza ni uvimbe: tishu za limfu zinapambana na kirusi, zinatanuka, mfereji unabanwa. Ya pili ni kidonda: kirusi kinachubua utando laini wa ndani, na bakteria waliokuwa wakiishi pale kwa amani wanapata mlango wa kuingia ukutani. Katika njia zote mbili kirusi huanzisha na bakteria humalizia. Hiyo ndiyo sababu usaha ukipimwa maabara huonyesha bakteria wa kawaida wa utumbo, na kirusi kinaweza kuwa kimekwisha kuondoka.

Hapa mwanasheria wa utetezi angesimama. Kukuta kirusi ndani ya kidole tumbo hakuthibitishi kwamba ndicho kilichotenda. Watoto wengi wana adenovirusi kooni na tumboni bila kuumwa chochote. Na daktari hukata kidole kilichovimba. Ni mara chache anapata kidole cha mtu mzima wa afya kulinganisha nacho.

Miaka 36 ya takwimu

Kwa hiyo wengine wakaacha hadubini wakageukia hesabu. Mwaka 2010 Adam Alder, Edward Livingston na wenzao wa Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za hospitali za Marekani kuanzia mwaka 1970 hadi 2006. Kidole tumbo hakikwenda kwa mstari ulionyooka. Kilipanda na kushuka, na kilikuwa na vilele katika miaka ya 1977, 1981, 1984, 1987, 1994 na 1998, kwa namna inayokumbusha milipuko ya magonjwa ya kuambukiza. Mwaka hadi mwaka, mwendo wa wagonjwa ambao kidole chao hakikupasuka ulifuatana na mwendo wa mafua makali. Lakini walipotazama majira, picha ikavunjika: mafua hushika wakati wa baridi, na kidole tumbo kiliongezeka kidogo wakati wa kiangazi. Na kirusi cha rota, kinachoharisha watoto, hakikuonyesha uhusiano. Waandishi wenyewe walihitimisha kwamba kirusi cha mafua hakielekei kuwa mtendaji wa moja kwa moja, ila huenda magonjwa hayo mawili yana chanzo cha pamoja ambacho hakijajulikana.

Livingston na wenzake walikuwa wamegundua jambo jingine miaka mitatu kabla. Kidole tumbo kinachopasuka na kisichopasuka havikuwa vikipanda na kushuka pamoja. Ingekuwa kila kidole kilichovimba hupasuka kikicheleweshwa, vingefuatana. Kutofuatana huko kunaashiria kwamba huenda ni magonjwa mawili yanayotumia jina moja: mmoja unaoweza kupoa wenyewe, kama yanavyopoa maambukizi mengi ya virusi, na mwingine unaoelekea kupasuka tangu mwanzo.

Halafu ikaja UVIKO-19. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani, hospitali za nchi nyingi ziliripoti wagonjwa wachache wa kidole tumbo kisichopasuka, huku waliopasuka wakibaki karibu vile vile. Wanaoamini virusi walisema: mmeona, watu walipoacha kuambukizana, ugonjwa umepungua. Wengine wakajibu kwamba wagonjwa waliogopa hospitali, na wale wa aina nyepesi wakapona wakiwa vitandani mwao. Ushahidi ule ule unabeba maelezo yote mawili, na hiyo ndiyo hali ya kesi hii kwa jumla: shaka dhidi ya virusi ni nzito, hukumu bado.

Kirusi kimoja, magonjwa mawili

Turudi kwa Epstein-Barr, kwa kuwa ndiye mwalimu bora wa hoja ya umri. Katika vijiji vya Afrika Mashariki watoto wengi hukipata kabla ya kutimiza miaka mitatu, kwa mate, kwenye kijiko cha pamoja au chakula kilichotafunwa na mama, na hakuna anayegundua. Ulaya na Marekani wengi huchelewa hadi ujanani, na hapo huwalaza: homa, mafindofindo, tezi zilizovimba, uchovu wa wiki nyingi. Kwa watoto wachache wa Afrika ambao kinga yao imechoshwa na malaria ya mara kwa mara, kirusi hicho hicho hushiriki kuleta saratani ya Burkitt. Ukijua jina la kirusi tu, hujajua ugonjwa. Lazima ujue mwenyeji ana miaka mingapi na ameshapambana na nini.

Sasa mweke mtoto wa Kibondo mahali hapo. Amekulia kwenye nyumba ya ndugu sita, wanalala pamoja, wanachota maji kisimani, wanacheza kwenye vumbi moja. Kufika darasa la kwanza amekwisha kupita virusi vingi vya tumbo na koo, wakati tishu za limfu za kidole chake bado ni kidogo. Kirusi kikirudi akiwa na miaka 13, kinakuta kinga inayokifahamu. Kama hoja hii ni sahihi, uhaba wa kidole tumbo ambao hospitali za misheni zilimwandikia Burkitt haukuwa alama ya afya njema. Ulikuwa upande wa pili wa vifo vya watoto wachanga: waliosalia hai walikuwa wameshalipa mapema.

Ndipo mabadiliko ya nyanda hizi yanapopata uzito. Chanjo ya surua ilikwisha kupunguza ugonjwa ambao zamani ulifagia vijiji, na tangu mwaka 2014 watoto wa Tanzania hupewa surua pamoja na rubela. Chanjo ya kirusi cha rota ilianza kutolewa nchini mwaka 2013. Mabomba yanafika mitaa ya Kasulu mjini. Kwa upande mwingine ipo kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo na kujaa tena mwaka 2015 Warundi walipovuka mpaka, mwaka ambao Nduta nayo ilipokea wakimbizi Kibondo. Humo familia huishi zikiwa zimebanana, watoto hukutana na virusi mapema sana, na papo hapo hupewa chanjo na maji yaliyotiwa klorini. Ndani ya wilaya mbili kuna ratiba tatu za kuambukizwa: ya kijijini, ya mjini na ya kambini.

Msomaji asifanye haraka kuona jibu katika idadi ya wagonjwa. Barabara ya Manyovu, Kasulu, Kibondo hadi Kabingo, kilomita 260 hivi, ikiwekwa lami, mgonjwa ambaye zamani angefia njiani au kupona nyumbani atafika chumba cha upasuaji na kuhesabiwa. Idadi itapanda bila kirusi hata kimoja kubadili tabia. Mwaka 2012 Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo na Buhigwe kutoka Kasulu. Takwimu za wilaya zilizobaki zikashuka kwa mstari wa ramani tu. Mashine ya ultrasaundi ikifika, nayo huzaa wagonjwa kwenye daftari. Huko nyuma, huenda baadhi ya uhaba aliousikia Burkitt ulikuwa umbali.

Saa za mgonjwa

Mjadala wa chanzo haubadilishi cha kufanya usiku wa leo. Maumivu yaliyohamia kulia, yasiyokoma kwa saa kadhaa, yanayozidi mgonjwa akitembea au akikohoa, ni ya hospitali. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, kidole tumbo hakijaondolewa kwenye orodha. Kigoma mtoto anaweza kuwa navyo vyote viwili. Dawa za kuharisha na za kuingizwa kwa njia ya haja kubwa ni hatari, kwa kuwa huongeza msukumo kwenye utumbo ambao ukuta wake umeoza. Mjamzito asisubiri. Maumivu yakitulia ghafla huku homa ikipanda na tumbo likiwa gumu, si nafuu. Huenda kidole kimepasuka.

Kuhusu viuavijasumu, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa wazima 1,552, ulionyesha kwamba wengi wanaweza kuanza na dawa peke yake, ila karibu 3 katika kila 10 waliishia kupasuliwa ndani ya siku 90. Wagonjwa hao walichaguliwa kwa vipimo vya picha. Kumrudisha nyumbani na vidonge mtu anayeishi ng'ambo ya mto unaofurika masika ni uamuzi mwingine kabisa. Na ieleweke: viuavijasumu haviui virusi. Vinafanya kazi hapa kwa sababu kirusi, kama kilikuwepo, kimeshawaachia bakteria uwanja.

Mkoa huu una historia ya kujivunia katika upasuaji. Daktari Godfrey Mbaruku, akiwa hospitali ya mkoa Kigoma katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba vifo vya wajawazito vinaweza kushushwa kwa mipango ya kawaida: damu, dawa, zamu, nidhamu. Mwaka 2009 yeye, Calist Nzabuhakwa na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika Kigoma na Mwanza, wakaonyesha kwamba madaktari wasaidizi waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi wilayani hawakutofautiana kwa ubora na madaktari wenye shahada. Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyokata vidole tumbo vya wilaya hizi kwa miaka mingi.

Daftari mbili

Kesi ya virusi haihitaji kusubiri maabara ya ng'ambo. Kila hospitali ya wilaya ina kitabu cha chumba cha upasuaji, chenye tarehe, umri, jinsia na kijiji. Ina pia vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya, na ripoti za kila wiki za magonjwa ya mlipuko, zinazoonyesha surua na kuhara vilipopanda. Daftari hizo hukaa kwenye jengo moja na mara chache hufunguliwa pamoja. Ukiziweka sambamba kwa miaka kumi, katika hospitali za Kasulu, Kibondo, Kabanga na Heri, utaona kama wagonjwa wa kidole tumbo huja kwa makundi, na kama makundi hayo hufuata kitu. Burkitt alichora ramani yake kwa vifaa duni kuliko hivyo.

Kitu kimoja kingepaswa kuongezwa kwenye daftari: maji ya nyumbani kwa mgonjwa yanatoka wapi. Kwa safu hiyo moja hoja ya umri inaweza kupimwa. Kama ni kweli, kati ya familia zilizo umbali sawa kutoka hospitalini, zile zenye bomba zitaleta vijana wengi zaidi wenye kidole tumbo kuliko zile za kisimani, na tofauti hiyo itakuwa kubwa zaidi kwa wenye miaka 10 hadi 20. Kama si kweli, nyumba za bomba na za kisima zitalingana, na ongezeko lote litakuwa la lami na ultrasaundi. Kwa vyovyote vile bomba litabaki kuwa zawadi, maana kuhara kunaua watoto wengi kuliko kidole tumbo kitakavyowahi kuua. Ila wilaya inayoleta maji inapaswa kupanga pia nani atakayeshika kisu miaka kumi na tatu baadaye.